Kughani Mantra za Jua Asubuhi ya Makar Sankranti

Makar Sankranti, sikukuu ya Kihindu ya Jua, huadhimishwa nchini India tarehe 14 Januari, miaka mingine tarehe 15, Jua linapoingia buruji ya Makara, yaani Jadi. Usikisie siku. Tazama panchanga, kalenda ya Kihindu, kwa saa yenyewe ya kuingia. Ikiwa Jua linaingia baada ya machweo, kwa kawaida kuoga na kughani mantra, yaani maneno matakatifu ya ibada, husogezwa hadi asubuhi inayofuata.

Oga kabla ya macheo. Wanaofika Prayagraj huzama Sangam, mahali Ganga na Yamuna zinapokutana; wa nyumbani hutia punje chache za ufuta katika maji ya kuogea. Halafu andaa lota, chombo kidogo cha maji, ya shaba nyekundu yenye maji safi, ua jekundu, mchele usiovunjika na sandali nyekundu kidogo. Elekea mashariki, inua lota kwa mikono miwili na mimina maji taratibu, mara tatu. Hii ndiyo arghya, sadaka ya maji. Macho yafuate maji yanayoshuka, kamwe si duara la Jua: hata likiwa chini linaweza kuumiza jicho, na utando wa maji hauzuii madhara hayo. Weka beseni chini ili maji yasikanyagwe, kisha yamwage kwenye shina la mmea.

Unapomimina, sema “Om Suryaya namah”. Baada ya hapo fuata majina kumi na mawili, kila moja likitanguliwa na Om na kufungwa na namah: Mitraya, Ravaye, Suryaya, Bhanave, Khagaya, Pushne, Hiranyagarbhaya, Marichaye, Adityaya, Savitre, Arkaya, Bhaskaraya. Ukiyazungusha mara tisa unapata 108.

Kisha keti ughani Gayatri, mantra ya Savitri, mungu wa Jua, iliyomo katika Rigveda, kitabu kitakatifu cha kale cha Kihindu:

Om bhur bhuvah svah
tat savitur varenyam
bhargo devasya dhimahi
dhiyo yo nah prachodayat

Hapa ndipo ulimi wa Mswahili hukosea zaidi. Dh ya dhimahi si ile ya dhahabu; ni d inayofuatwa na pumzi. Vivyo hivyo kh ya Khagaya si ya kheri, na bh ni b yenye pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo: usipohisi pumzi, rudia. Kosa la pili ni mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo watu husema dhi-MA-hi. Irabu ndefu ni ya kwanza: dhii, halafu mahi zipite upesi. Katika prachodayat, irabu ya mwisho ndiyo huvutwa, na pra ni silabi moja, isiwe pira. Namah humalizikia kwa mwangwi mwepesi, namaha.

Ukiondoa mstari wa Om, inabaki mistari mitatu ya silabi nane nane, jumla 24. Varenyam husomwa va-re-ni-yam ili hesabu itimie. Pumzika mwishoni mwa mstari, si katikati ya neno. Ukikosa pumzi kabla ya prachodayat, unakwenda polepole mno au hukuvuta hewa ya kutosha mwanzoni.

Hesabu kwa mala ya shanga 108. Ivute kwa kidole gumba juu ya kidole cha kati. Cha shahada kisiiguse. Ukifika kwenye meru, ushanga mkubwa, usiuvuke: geuza mala urudi ulikotoka. Kwa sekunde kumi kila mara, mzunguko mmoja huchukua dakika 18. Ukianza kuyameza maneno, afadhali kughani mara 27 kwa utulivu kuliko kukimbiza 108.

Anza kwa sauti ya kawaida, ishushe hadi midomo itikisike tu, halafu ghani moyoni. Hewa ya Januari kaskazini mwa India ni baridi na koo hukauka, hivyo kuanza kwa sauti kubwa hukwaruza. Mantra za mbegu, yaani silabi fupi kama hram na hrim, kwa desturi hupokewa kutoka kwa guru, mwalimu wa kiroho; hazihitajiki hapa. Mawingu yakiziba Jua, elekea mashariki na uendelee vilevile.