Dawa za baipola: ukitoka Kigoma kwenda kufanya kazi Omani

Kama unatumia dawa za baipola, ugonjwa wa akili ambapo hisia hupanda na kushuka kupita kiasi, anza maandalizi miezi miwili kabla ya safari. Mweleze daktari wa kliniki yako ya afya ya akili unakokwenda, kazi yenyewe na zamu zake. Zamu ya usiku ikwepe kadiri unavyoweza: usingizi ukivurugika, kuchangamka kupita kiasi huja haraka.

Omba barua ya Kiingereza yenye mhuri, ikitaja jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, ugonjwa, jina la kitaalamu la dawa, miligramu na mara ngapi kwa siku. Jina la kibiashara halitoshi, maana hubadilika nchi hadi nchi.

Vidonge vilivyohesabiwa kwenye vibahasha vya karatasi vitakuletea maswali uwanja wa ndege. Tafuta maboksi yenye lebo. Kwa kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku, miezi mitatu ni vidonge 180. Ongeza 28 vya akiba ya wiki mbili, jumla 208. Kabla ya kununua, uliza ubalozi wa Omani kikomo cha kuingiza dawa. Dawa za kutuliza kama diazepamu na klonazepamu hudhibitiwa kwa ukali zaidi, huenda zikahitaji kibali. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi.

Toka Kigoma mapema ulale usiku mbili Dar es Salaam kabla ya kupanda ndege. Omani iko saa moja mbele: kama ulikuwa ukimeza saa 3 usiku, meza saa 3 usiku ya huko. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja.

Anayetumia lithiamu, moja ya dawa za baipola, awe makini kuliko wote. Joto la huko hupita nyuzi 40. Ukitoka jasho sana bila kunywa maji, figo huzuia lithiamu isitoke na kiwango chake hupanda kwenye damu. Kuhara, kutapika, kuacha chumvi ghafla na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hufanya hivyo hivyo. Kichwa kikiuma, parasetamoli ni salama zaidi. Ramadhani usifunge kabla ya kuongea na daktari. Huu si udhaifu wa imani, ni figo zako.

Kipimo cha lithiamu kwenye damu huchukuliwa baada ya kupita saa 12 tangu dozi ya mwisho: umemeza saa 3 usiku, utolewe damu saa 3 asubuhi kabla ya kumeza nyingine. Kwa kawaida hulengwa kiwango cha 0.6 hadi 0.8 mmol/L, wengine hadi 1.0. Mikono ikitetemeka kwa nguvu, ukayumba, ulimi ukawa mzito au ukatapika, usimeze dozi inayofuata. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa nyingine za baipola nazo zina tahadhari zake. Mwanamke anayetumia valproeti azungumze na daktari kuhusu uzazi wa mpango kabla ya kuondoka, kwani dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Lamotrijini ikikatika siku kadhaa, usirudie dozi ya zamani. Daktari ataianzisha upya kidogo kidogo, la sivyo upele hatari unaweza kutokea.

Nyumbani chagua mtu mmoja, dada au shangazi, umtumie ujumbe wa sauti kila wiki. Mkubaliane sasa: akisikia unaongea haraka kuliko kawaida, unalala kwa muda wa saa tatu tu bila kuchoka au unatuma pesa ovyo, akupigie na akuambie waziwazi umwone daktari. Vidonge vikibaki vya siku 30, anza kutafuta vingine.