Kurekodi kama White Stripes wa mwanzo: watu wawili, chumba kimoja, bila besi

Ukitaka sauti ya albamu tatu za kwanza za bendi ya roki ya White Stripes, anza kwa kupunguza. Jack na Meg White wa Detroit walikuwa na gitaa, dramu na sauti ya kuimba, na kinanda mara mojamoja. Besi hawakuwa nayo. Ndiyo maana albamu yao ya 1999, waliyomtunukia mkongwe wa bluzi Son House, inakupiga kifuani hadi leo: kila pigo limebeba mzigo wa watu watatu. De Stijl, albamu yao ya 2000, ilirekodiwa sebuleni kwa Jack kwa mashine ya kanda yenye traki 8 (njia nane za kurekodi, kila moja na sauti yake), kwa hiyo sebule yako inatosha kabisa.

Tandika zulia chini ya dramu, tundika pazia zito nyuma ya amplifaya, kuta nyingine ziache wazi. Usizunguke chumba kwa magodoro. Chumba kikifa, snea, ile dramu ndogo yenye waya chini, inalia kama boksi la karatasi, na hakuna mashine itakayokurudishia mwangwi ule baadaye.

Gitaa lipitie amplifaya ndogo ya valvu, wati 5 hadi 15, iliyofunguliwa mpaka 7 au 8. Jack alipiga gitaa la Airline la fibaglasi la mwaka 1964 kwenye amplifaya ya Silvertone, vyombo vya maduka ya Montgomery Ward na Sears, kwa hiyo bei kubwa si sharti. Weka maiki ya dainamiki, mfano Shure SM57, sentimita 3 kutoka kitambaa cha spika, ikilenga kati ya kitovu na ukingo. Ukilenga kitovu, sauti inachoma masikio. Ukilenga ukingo, inakuwa butu.

Pedali ya Big Muff, ile ya kukwaruza sauti ya gitaa, inawaponza wengi. Hukata sauti za kati. Ukipiga peke yako, gitaa linajaa nyumba nzima. Dramu zikianza, limepotea. Dawa yake si kuongeza volyumu. Pandisha sauti za kati kwenye amplifaya, shusha kitufe cha sastini (kiasi cha mkwaruzo) cha pedali hadi nusu, kisha ipige wakati dramu zinalia ndipo uamue.

Kwa nyimbo za slaidi, yaani mrija unaovaliwa kidoleni na kuteleza juu ya nyuzi, tuni ya A ya wazi ni E-A-E-A-C#-E: uzi wa nne, wa tatu na wa pili unapanda toni nzima kila mmoja. Nyuzi zikiwa nyembamba ni rahisi kukatika, na shingo ya gitaa kuukuu inaweza kupinda. Njia salama ni kushusha hadi G ya wazi (D-G-D-G-B-D) na kubana kapo, kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya 2. Sauti zinakuwa zilezile. Slaidi ikae juu kabisa ya chuma cha freti. Ukiiweka nyuma yake kama kidole, kila noti itakuwa chini kidogo.

Dramu zichukue maiki mbili: moja sentimita 10 mbele ya dramu ya mguu, nyingine mita 1 juu ya snea. Zisikilize pamoja. Kama mlio mzito unapungua zinapoungana, geuza polariti (mwelekeo wa wimbi la sauti) ya mojawapo. Upigaji wenyewe uwe mnyoofu. Sikiliza wimbo wao Screwdriver: wanasimama ghafla, kimya kinakaa, halafu wanarudi kwa pigo moja. Mpiga dramu akijaza mapengo hayo kwa mbwembwe, wimbo umekwisha. Kliki, mlio wa kuhesabia kasi, msitumie, mtazamane usoni, na kasi ikipanda kidogo kwenye kiitikio, iacheni.

Pigeni pamoja, chumba kimoja. Gitaa litaingia kwenye maiki za dramu, na waya za snea zitatetema kila gitaa linapolia. Mtetemo huo msiukate, ndio unaounganisha vyombo viwili kuwa bendi. Gharama yake ni kwamba kosa la gitaa halifutiki, basi rudieni wimbo mzima. Mkifika mara ya tano bila kufaulu, nendeni wimbo mwingine. Mikono ikichoka, nguvu haiji tena.

Traki zigawe hivi: dramu 2, gitaa 2, sauti ya kuimba 2, na 2 zibaki kwa kinanda au slaidi ya ziada, kama ile ya Johnny Walker wa bendi ya Soledad Brothers kwenye wimbo Suzy Lee. Kwenye kompyuta, vilele vya sauti visizidi desibeli -10.

Wakati wa kuchanganya, kishawishi cha kuongeza besi kitakuja. Hata mlio mzito unaofungua Seven Nation Army ya 2003 si besi, ni gitaa lililoshushwa oktava moja kwa pedali ya Whammy. Chini pakiwa patupu, pandisha dramu ya mguu, na mpiga gitaa aache uzi mnene wa E ulie wazi. Dramu na gitaa viwe karibu na katikati, sauti ya kuimba ikae ndani ya gitaa, si juu yake.