Kukuza kanda za harusi kwa akili mnemba: kompyuta ya kununua na jinsi ya kuipoza katika joto la Pwani

Nimeandika somo hili kwa sababu haipiti wiki bila mtu kuniuliza anunue kompyuta gani ili akuze kanda za zamani, nami nimechoka kurudia jibu lile lile kwa simu. Kazi yangu hapa Mombasa ni kuhamisha kanda za VHS za harusi na maulidi, kisha kuzikuza, yaani kuziongezea nukta za picha kwa akili mnemba, ziweze kutazamwa vizuri kwenye runinga za leo. Tafadhali lisome lote kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1: Pima ukubwa wa kazi. Kanda zetu nyingi ni za mfumo wa PAL, ambazo zikihamishwa hutoa picha ya nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Saa moja ni fremu 90,000, na kanda ya saa tatu ni fremu 270,000. Mashine inayochakata fremu tano kwa sekunde itaimaliza kanda hiyo baada ya saa 15. Kwa hiyo unatafuta mashine ya kukesha, inayoweza kubeba mzigo ule ule tangu jioni hadi asubuhi bila kutetereka.

Hatua ya 2: Chagua kadi ya grafiki. Kwa anayeanza ninapendekeza RTX 3060 ya NVIDIA yenye memori ya gigabaiti 12, inayotumia wati 170. Kadi ya gigabaiti 8 inafaa pia, mradi uiagize programu ikate kila fremu vipande vidogo. Wengi huvutiwa na RTX 3090 iliyotumika kwa sababu ya gigabaiti zake 24, lakini hiyo hula wati 350, na nusu ya chipu zake za memori ziko mgongoni mwa kadi, mahali ambapo feni zake hazifiki. Katika chumba kisicho na kiyoyozi, msimu wa Kaskazi, mimi siishauri. Wenye kadi za AMD au Intel wanaweza kutumia programu ya kukuza picha iitwayo Real-ESRGAN, toleo lake la Vulkan, ambalo halibagui kadi.

Hatua ya 3: Prosesa ya koa (core) sita, RAM ya gigabaiti 32, SSD ya terabaiti moja, na pawa saplai halisi ya wati 650.

Hatua ya 4: Ondoa mistari ya kupishana (ile michirizi inayoonekana kitu kikisogea) kwa kichujio cha bwdif cha programu ya FFmpeg kabla ya kukuza, kamwe si baada ya kukuza.

Hatua ya 5: Panga njia ya hewa. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu liliwaumiza watu wengine. Mashine yangu ya kwanza niliifunga feni mbili za mbele kinyume, zikawa zinatoa hewa badala ya kuingiza, pamoja na ile ya nyuma. Kasha likawa linavuta hewa kupitia nyufa zake, ikiwemo ile ya moto iliyokwisha kutoka, na vumbi juu yake. Nililijaribu usiku baada ya Isha kwa dakika tano, kadi ikasoma nyuzi 71, nikaridhika. Kesho yake mchana nikaanza kanda ya harusi ya familia iliyofiwa na bibi yao, kwa kuwa walitaka kumwona akiimba kwenye hitima ya arobaini. Madirisha niliyafunga kuzuia vumbi, chumba kikafika nyuzi 34. Baada ya saa mbili kasi ilikuwa imeshuka kutoka fremu tano hadi tatu, na kabla ya Magharibi kompyuta ikajizima. Faili ya MP4 ambayo haikufungwa vizuri haikufunguka tena. Kanda yenyewe ilisalimika, lakini video niliifikisha siku moja baada ya hitima, na jambo hilo bado linanisikitisha.

Basi fanyeni hivi. Hewa ya feni hutokea upande wenye vile vijiti vinavyoshikilia mota. Vijiti vya feni za mbele vitazame ndani ya kasha, na vya feni ya nyuma vitazame nje. Usiamini macho peke yake. Chana ukanda mwembamba wa tishu, uushike mbele ya kila feni: mbele lazima uvutwe kuelekea kwenye wavu, nyuma lazima upeperuke kutoka. Feni za kuingiza ziwe nyingi kuliko za kutoa, na ziwe na vichujio, ili hewa ipitie mahali ulipokusudia. Acha angalau sentimita 15 kati ya mgongo wa kasha na ukuta, na usiifungie mashine kabatini. Jaribio lifanyeni saa nane mchana, kwa saa moja nzima, kwa kuwa chumba kikipanda nyuzi nane kadi nayo hupanda karibu kiasi hicho hicho. Kadi nyingi za aina hii huanza kujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 83. Yangu hainifurahishi ikivuka 75.

Hatua ya 6: Punguza wati. Kwa kadi ya NVIDIA, fungua dirisha la kuandikia amri (Command Prompt) kama msimamizi, uandike nvidia-smi -pl 130. Kadi yangu ilipoa kwa takriban nyuzi nane, na kasi iliyopotea haikufika fremu moja katika kila kumi. Amri hii hufutika kompyuta ikizimwa, kwa hiyo irudie kila unapoiwasha.

Hatua ya 7: Hifadhi matokeo kama picha za PNG, si video moja. Umeme ukikatika utaendelea pale ulipoishia. Saa moja ya kanda inaweza kujaza zaidi ya gigabaiti 200, kwa hiyo kuza kipande kwa kipande, unganisha, kisha futa picha.

MASWALI

Swali (Nakuru): Nimeona ni ndefu. Kwa kifupi ninunue kadi gani?

Jibu: Hatua ya 2.

Swali (Dar es Salaam): Haya yote ya tishu na feni ni ya nini? Weka kiyoyozi, mambo yaishe.

Jibu: Ndugu yangu, kiyoyozi hakigeuzi feni iliyofungwa kinyume. Tena kina hatari yake. Mashine iliyozimwa ikilala kwenye chumba cha nyuzi 18, kisha asubuhi ukafungua dirisha, unyevu wa nje utafanya matone juu ya chuma baridi, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ukiwa nacho, kiweke nyuzi 26, na usiiwashe mashine baridi kabla haijazoea hewa ya chumba.

Swali (Zanzibar): Shikamoo mwalimu. Nimefuata hatua zote na joto halivuki 73, lakini saa moja ya kanda imenitolea fremu 180,000 badala ya 90,000. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kuhesabu. Hujakosea. Kila fremu ya PAL imebeba nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti, na bwdif kwa kawaida huifanya kila nusu kuwa fremu kamili, ndipo 25 zikawa 50. Ngoma na vigelegele vitaonekana laini zaidi hivyo. Ukitaka kuokoa muda andika bwdif=mode=0, utabaki na 25. Mimi hutumia 50 kwa sehemu za kucheza na 25 kwa sehemu za watu waliokaa.

Swali (Zanzibar): Ahsante sana. Nyumba yetu iko karibu na bahari. Chumvi itaidhuru kadi?

Jibu: Itaidhuru taratibu, hasa mashine ikikaa dirishani. Isogeze ndani, na kila mwezi safisha vichujio na mapezi ya kadi kwa brashi laini kavu, ukiwa umezishika feni kwa kidole zisizunguke.

Swali (Tanga): Na kanda zenye ukungu mweupe pembeni?

Jibu: Usiziingize kwenye deki hata kidogo, kwa sababu ukungu utashika kichwa cha kusomea na kuhamia kanda nyingine. Zitenge kwenye mfuko uliofungwa na umpelekee fundi wa kusafisha kanda, kompyuta itasubiri.