Gombe na watoto: nendeni Kakombe, sokwe wasubiri

Wenye watoto wadogo mnaopanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mkoani Kigoma, likizo hii, msiwaze kufuatilia sokwe. Watoto wadogo hawaruhusiwi, na vile vilima ni vikali hata kwa mtu mzima. Ombeni njia ya maporomoko ya Kakombe kutoka Kasekela, kituo cha wageni ufukweni. Ni fupi, inafuata kijito, kivuli mwanzo mwisho, na mkifika mnakuta maji yanashuka ukutani yapata mita 25, baridi yake mnaisikia usoni kabla hamjayakaribia. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mna watoto, aende mwendo wao.

Kinachoharibu safari nyingi ni usafiri. Hakuna barabara, ni kwa boti tu kupitia Ziwa Tanganyika. Boti za abiria za Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, ni nafuu, lakini huondoka mchana na huenda polepole, kwa hiyo kurudi siku hiyohiyo sahauni. Bora familia mbili tatu mchangie boti ya kukodi, muondoke asubuhi. Kabla ya kulipa, hakikisheni kuna jaketi okozi za saizi ya watoto. Za watu wazima humvuka mtoto kichwani akiingia majini.

Chakula kiwe ndani ya begi lenye zipu. Nyani wa ufukweni hawaogopi watu, na mtoto mwenye ndizi mkononi ndiye wanayemfuata.

Na tafadhali sana: mwenye mafua abaki nyumbani. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua na hufa nayo.