Jinsi ya kupima refleksi ya goti mwenyewe nyumbani, na kwa nini mguu unaruka

Juzi dogo mmoja wa kidato cha tatu kaniuliza, eti daktari akikugonga goti mguu unaruka kwa sababu umeumia? Hapana bwana, ukigongwa vizuri wala haiumi. Mi ni mtu wa fizio (tiba ya viungo), magoti nagonga kila siku, nikaona bora nielekeze hapa mtu ajaribu mwenyewe, maana ukishalielewa goti, refleksi nyingine (yaani mwili kujibu wenyewe bila wewe kuamua) hazitakusumbua.

Unahitaji mtu aliyekubali kugongwa, meza ndefu kwenda juu, na kitu cha kugongea. Kama huna nyundo ya raba tumia ubavu wa kiganja, au kisigino cha ndala kinatosha kabisa. Chuma na mchi wa kinu hapana.

Hatua ya 1. Mkalishe mezani, mapaja yalale juu ya meza, miguu ining'inie isiguse chini. Ajilegeze. Hapa ndo wengi wanafeli, mtu anakwambia nimelegea kumbe kakaza paja kama anasubiri sindano. Utikise mguu wake kidogo, ukicheza hovyo kama wa mtoto aliyelala, hapo sawa.

Hatua ya 2. Tafuta kano. Papasa pia ya goti, shuka chini yake taratibu, kabla hujafika kwenye mfupa wa ugoko utakuta kitu kama kamba nene, ukikibonyeza kinabonyea kidogo. Ndo hiyo. Kwa chini imeshika ugoko, kwa juu imeshika pia ya goti, na pia yenyewe imeshikwa na msuli mkubwa wa mbele ya paja. Gonga kamba, usigonge mfupa.

Hatua ya 3. Simama pembeni. Narudia, pembeni, mi wakati najifunza nilisimama mbele nikala teke la tumbo, wenzangu wakacheka wiki nzima. Mkono mmoja weka juu ya paja lake, wa pili legeza kifundo, nyundo idondoke kwa uzito wake kisha itoe haraka. Hata mguu usiporuka sana, kiganja kilicho juu ya paja kitausikia msuli unashtuka.

Sasa ndani kumetokea nini? Ulipogonga kano ilibonyea, ikauvuta msuli wa paja ukarefuka ghafla, kidogo sana. Ndani ya msuli kuna vihisio ambavyo kazi yake ni kupima urefu wa msuli, vikashtuka, vikatuma taarifa kwa neva nene za kasi kuliko zote mwilini, mita 80 hadi 120 kwa sekunde, mpaka kwenye ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, zile sehemu zinazoitwa L2 hadi L4. Pale neva iliyoleta taarifa inakutana uso kwa uso na neva ya kuamrisha msuli, sinapsi (kiungo cha neva na neva) moja tu, hakuna dalali. Amri inarudi, kaza, mguu unaruka. Yaani msuli umejitetea usivutwe, maumivu hayahusiki. Na taarifa hiyohiyo ina tawi linalopitia neva ya kati kwenda kuituliza misuli ya nyuma ya paja, maana nayo ikikaza mguu hauendi popote. Ubongo unapewa habari mguu umeshaondoka.

(Kushika sufuria ya moto ni njia nyingine, pale maumivu yanahusika kweli na sinapsi ni nyingi, kwa hiyo inachelewa kidogo kuliko goti.)

Hatua ya 4, goti likigoma. Kuna mbinu ya Jendrassik, daktari wa Hungaria wa miaka ya 1880. Mwambie anasishe vidole vya mikono yote miwili mbele ya kifua kama kulabu, avute kwa nguvu, na wewe gonga wakati huohuo anavuta. Mara nyingi mguu uliokuwa kimya unaruka.

Hatua ya 5. Linganisha kulia na kushoto. Sisi tunaandika 0 (kimya kabisa) hadi 4 (linaruka kupita kiasi), na 2 ndo kawaida. Yakiwa dhaifu yote mawili sawasawa inaweza kuwa ndo maumbile yake, ila upande mmoja ukitofautiana na mwingine aende hospitali. Na kuruka sana sio sifa! Ndugu wa mgonjwa wa kiharusi wanaona baada ya wiki kadhaa goti la upande uliopooza linaruka kuliko la upande mzima, wanafurahi wanajua nguvu zinarudi, kumbe ubongo siku zote huwa umeukanyagia ugwe breki na sasa breki imeachia.

Wenye kisukari mimi siachi kuwagonga na ile kano nene ya nyuma, juu ya kisigino, kwa sababu neva ndefu ndo zinaanza kuharibika, goti linaweza kuruka vizuri tu huku kifundo cha mguu kimeshanyamaza.