Kabla hujaiuza hiyo laptopu nzito

Mwalimu mmoja kutoka Tukuyu aliniwekea laptopu yake inayosuasua mezani hapa Mwanjelwa, Mbeya. "Fundi, nitafutie mteja. Nataka nyingine yenye prosesa ya kisasa." Kazi zake ni kutunga mitihani, kujumlisha alama kwenye Excel na kusoma barua pepe. Nikamwambia, mwalimu, subiri kwanza.

Nawe fanya hivi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha ufungue Performance. Usiiangalie mashine ikiwa imetulia, iangalie pale inapokwama. Yake ilisoma CPU, yaani prosesa, asilimia 9, Disk asilimia 100. Prosesa ile, Core i5 ya kizazi cha tatu, ilikuwa imekaa bure ikisubiri diski ya kuzunguka. Hata ungeweka prosesa mpya kabisa, nayo ingekaa kusubiri vilevile.

Dawa yake ni SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, ya inchi 2.5. GB 256 zinamtosha mwalimu. Nakili mafaili yako kwanza, kisha fungua matatu manne kwenye hiyo nakala uone kama yanafunguka. Nimeshaona watu wakilia kwa kuruka hatua hii. Zima, chomoa chaji, toa betri, fungua skrubu za chini. Diski ya zamani huvutwa pembeni, haichomolewi kwenda juu. SSD inaingia palepale.

Ikiwa Memory ndiyo iliyojaa, ongeza RAM, yaani hiyo Memory yenyewe, ila hakikisha aina: DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3. CPU ikigota 100 muda mrefu, safisha feni kwanza, vumbi la kiangazi huku kwetu haliachi kitu. Ikiwa safi na bado imegota, na kazi yako ni kuhariri video, hapo nunua laptopu yenye prosesa mpya bila kusita.

Kuna jambo moja silifichi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Hilo ni suala la usalama, si la kasi. Tulikubaliana kwenye hiyo SSD nimwekee Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Majedwali yake ya alama yalifunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure inayosoma mafaili ya Excel, tukayapitia moja moja.

Awali iliwaka kwa dakika nne. Sasa mwalimu aliizima na kuiwasha mara tatu mbele yangu, akihesabu sekunde kwa sauti. Hakufika thelathini hata mara moja. Akaifunga, akawahi gari la Tukuyu.