Somo: Antena ya waya ufukweni, kwa aliyepangiwa kazi kisiwani

Nilipopelekwa kisiwani kikazi nilifunga waya wa antena ya redio ya ridhaa, ya kuongea na watu wa mbali, kati ya minazi miwili. Upepo ulipovuma kila mnazi ukayumba kivyake, na siku ya tatu waya ukakatika. Tena juu kuna nazi, na ukivaa hedifoni hutasikia ikidondoka. Hii hapa njia niliyoishia nayo.

Kabla ya yote, leseni. Ya kwenu haikuruhusu kurusha kila mahali: omba idhini ya mamlaka ya nchi yenye kisiwa, kisha mwambie mkuu wa kituo chako.

Hatua ya 1. Gawanya 71 kwa masafa ya mawimbi yako, kwa megahezi, upate urefu wa waya. Kwa 14.2 utapata mita 5. Kata nyaya tatu za mita 5.2, upate pa kupunguzia.

Hatua ya 2. Waya mmoja ukwee ufito wa fiba wa mita 6, uunge na kiini cha kebo ya ohmu 50 itokayo kwenye redio. Nyaya mbili zilizobaki ziunge na wavu wa nje wa kebo, zishuke pande mbili hadi kwenye kamba za vigingi. Zisiguse mchanga.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye siri. Maji ya bahari hupitisha umeme maelfu ya mara kuliko mchanga mkavu, kwa hiyo antena iliyosimama karibu nayo hurusha mawimbi chini kwa chini, usawa wa upeo wa macho, na hayo ndiyo yafikayo mbali. Usizidi mita 20 kutoka majini. Ila mimi nilisimamisha ufito wakati wa maji mafu, nikaona mchanga mkavu nikaridhika. Bamvua la mwezi mpevu likaja usiku, asubuhi nikaokota kigingi kimoja. Tafuta mstari wa juu kabisa wa takataka za mwani, ukae nyuma yake, upande wa nchi kavu.

Hatua ya 4. Pima SWR, kipimo cha nguvu inayorudi redioni badala ya kurushwa; ikiwa karibu na 1 ndiyo nzuri. Ikiwa nzuri chini ya 14.2, nyaya ni ndefu: punguza zote tatu, sentimita moja moja. Ukifika 1.5, acha, nenda kaongee na watu.

Maswali

*Mkuu, kebo yangu imekuwa nyeusi ndani baada ya miezi miwili. Ni feki?*
Hapana, ni chumvi. Maji huingilia kwenye kiungo na kutambaa ndani ya wavu. Kata hadi uone shaba inayong'aa, unga upya, kisha ziba kwa mkanda wa mpira unaojishika wenyewe. Utepe wa kawaida wa umeme hauwezi jua la pwani.

*Betri yangu haimalizi hata saa moja, nifanyeje?*
Kwa wati 100 redio hunyonya karibu ampea 20 ukiwa unarusha. Shuka hadi wati 10. Anayekusikiliza ataona mshale wa nguvu ya mawimbi redioni kwake umeshuka kwa pungufu ya alama mbili za S, yaani hatua mbili za kipimo hicho, basi.

*Usiku kunakuwa kimya kabisa, mkuu. Nimekosea wapi?*
Hujakosea. Bendi ya mita 20, hiyo ya 14.2, mara nyingi hufunga jua likishazama, hamia megahezi 7. Kila waya utakuwa mita 10, hivyo ule wa kukwea ukifika ncha ya ufito, kipande kilichobaki kivute kwa kamba kuelekea mnazini. Kamba ilegee. Mnazi bado unayumba.